Kura 219

Jumapili ya tarehe 21 Machi 2010, mjini Washington, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani alikwenda bungeni kwa miguu. Jina lake Nancy Pelosi, na zilikuwa zimebaki siku tano tu atimize miaka 70. Nje ya Bunge waandamanaji walikuwa wamejazana wakipiga kelele wakitaka muswada wa bima ya afya uuawe. Pelosi alikuwa ameshikana mkono na mbunge John Lewis, mzee aliyepigwa na polisi mwaka 1965 hadi akapasuliwa fuvu la kichwa kwa kudai watu weusi wapige kura. Mkono wa pili wa Pelosi ulibeba nyundo kubwa ya mbao, ya aina ile ambayo spika huigonga mezani kuwatuliza wabunge.

Nyundo hiyo ilikuwa ya John Dingell, mbunge wa Michigan. Aliishika mwaka 1965 alipokalia kiti cha kuongoza kikao siku Baraza lilipopitisha Medicare, bima ya afya ya wazee. Baba yake, aliyekuwa mbunge kabla yake, alipeleka bungeni muswada wa bima ya afya ya taifa tangu mwaka 1943. Mzee alipofariki mwaka 1955, mwana alirithi kiti na akarithi na muswada. Kila Bunge jipya lilipoanza, aliuwasilisha tena, mwaka nenda mwaka rudi.

Nimeanza na nyundo, wanangu, ili mjue kwamba jambo lililopigiwa kura usiku wa Jumapili ile lilikuwa na umri mkubwa kuliko rais aliyelibeba. Barack Obama alikuwa na miaka 48. Muda mrefu kabla yake, rais wa zamani Theodore Roosevelt alilinadi katika kampeni za mwaka 1912, akashindwa uchaguzi. Rais Harry Truman alilipeleka mbele ya Bunge mwaka 1945, akakataliwa. Rais Lyndon Johnson alipata sehemu yake tu, bima kwa wazee na kwa maskini, na siku ya kutia saini akasafiri hadi Independence, Missouri, nyumbani kwa Truman, akamwandikisha mzee huyo kuwa mwanachama wa kwanza wa Medicare. Kisha mwaka 1993 akaja Bill Clinton, rais mpya, akampa mkewe Hillary kazi ya kusimamia mpango wa kumfikia kila mtu. Mpango ule ulikufa mwaka 1994 bila hata kufikishwa kwenye kura ya mwisho. Novemba ya mwaka huohuo chama chake cha Demokrati kikapoteza Baraza la Wawakilishi, ambalo kilikuwa kimelishika kwa miaka 40 mfululizo.

Shikeni hilo la Clinton. Hakupata sheria, na adhabu akaipata vilevile.

Sasa mtazameni Obama anaingia Ikulu Januari 2009. Huku kwetu mnajua shangwe ilivyokuwa: aliposhinda, Kenya, nchi ya baba yake, ilitangaza siku ya mapumziko ya taifa. Kule kwao, katika wiki zake za kwanza, karibu Wamarekani saba kati ya kumi walisema anafanya kazi vizuri. Lakini kukubalika kwa rais mpya ni kama mahindi ya mavuno mapya ghalani. Ukiyala yanapungua, na ukiyaacha, fukusi watayala. Hakuna rais aliyewahi kuyahifadhi yakabaki yote. Anachoweza kuchagua ni chakula gani ayapikie.

Obama alichagua bima ya afya. Kwa nini bima? Marekani watu wengi hupata bima kupitia kazini. Ukifukuzwa kazi, kadi nayo inakwenda. Ukitaka kujinunulia mwenyewe, kampuni ilikuwa na ruhusa ya kukuuliza umewahi kuumwa nini, na ukijibu kisukari, pumu au saratani, ikakufungia mlango. Zaidi ya watu milioni 40 hawakuwa na bima yoyote, katika nchi tajiri kuliko zote. Mama yake Obama mwenyewe alikufa kwa saratani mwaka 1995, akiwa na miaka 52, na mwanawe alilitaja jambo hilo mara nyingi alipokuwa akiwashawishi watu.

Muswada wake ulisema hivi: kampuni haitamkataa mtu kwa sababu ya ugonjwa alionao, wenye kipato kidogo watasaidiwa kulipia, kijana atakaa kwenye bima ya wazazi wake mpaka atimize miaka 26, na mtu mzima asiyekuwa na bima atatozwa faini. Faini hiyo iliwaudhi wengi, nami nawaelewa. Lakini ilikuwa na sababu. Kama kampuni hairuhusiwi kumkataa mgonjwa, mwenye afya atasema, "Nangoja niumwe ndipo nijiunge." Na kila mtu akingoja hivyo, hakutakuwa na fedha za kumtibu yeyote.

Agosti 2009 wabunge walirudi majimboni kufanya mikutano, na huko wakakuta hasira ambazo hawakuzizoea. Wengine waliogopa kodi. Wazee waliogopa Medicare yao itapunguzwa. Ukaenea pia uvumi kwamba serikali itaunda kamati za kuamua mzee gani aachwe afe. Haukuwa kweli, lakini ulisafiri haraka kuliko maelezo. Septemba, rais alipokuwa akilihutubia Bunge zima, mbunge Joe Wilson wa South Carolina alimpigia kelele ukumbini kwamba anasema uongo. Mwaka ulipokwisha, wale saba kati ya kumi walikuwa wamebaki kama watano. Si bima peke yake iliyowaondoa. Oktoba ile ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10, na mtu asiye na kazi ana haki ya kumuuliza rais kwa nini anashughulika na jambo jingine.

Katika Seneti, yenye watu 100, zilihitajika kura 60 ili kuwazuia wapinzani kurefusha mjadala bila mwisho. Wademokrati na wenzao wawili wasio na chama walikuwa 60 kamili. Asubuhi ya mkesha wa Krismasi walipiga kura. Robert Byrd, mwenye miaka 92, aliingizwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Jina lake liliposomwa, alisema kura hiyo ni kwa ajili ya rafiki yake Ted Kennedy, ndipo akaitikia ndiyo. Kennedy alikuwa amepigania matibabu kwa wote miongo mingi, akafa kwa saratani ya ubongo tarehe 25 Agosti, miezi minne tu kabla ya kura. Kumbukeni tarehe hiyo.

Kiti cha Kennedy, Massachusetts, kikaitishiwa uchaguzi Januari 2010. Jimbo lile ni ngome ya Wademokrati, na bado akashinda Scott Brown wa chama pinzani cha Republikani, aliyewaambia watu waziwazi kwamba anakwenda kuuzuia muswada. Wademokrati wakabaki 59. Watu wengi mjini Washington wakasema basi, limekwisha. Hata kabla ya hapo, mkuu wa watumishi wa Ikulu, Rahm Emanuel, alikuwa amemshauri rais apunguze mpango, apate ushindi mdogo wa haraka, alinde nguvu zake. Ulikuwa ushauri wa mtu anayeijua kazi yake.

Obama aliukataa, na Pelosi alikuwa upande wake. Ilibaki njia moja: Baraza la Wawakilishi likubali muswada wa Seneti ulivyo, kisha marekebisho yapitishwe kwa utaratibu wa bajeti, ambao hauhitaji kura 60. Siku moja kabla ya kura rais aliwafuata wabunge wa chama chake bungeni. Hakuwadanganya. Aliwaambia anajua kura hii ni ngumu kwao.

Usiku wa Jumapili zilihitajika kura 216. Zikapatikana 219, na 212 zikakataa. Hakuna Mrepublikani hata mmoja aliyekubali, na Wademokrati 34 walijiunga nao. Jumanne iliyofuata Obama alitia saini kwa kalamu 22, herufi kidogo kwa kila kalamu ili watu waliohangaika wapate kumbukumbu. Kando yake alisimama mtoto wa miaka 11 ambaye mama yake alifariki akiwa hana bima.

Je, hadhi ya rais ilipanda? Hapana. Novemba 2010 chama chake kilipoteza viti 63 katika Baraza, na Pelosi akaikabidhi nyundo ya spika kwa wapinzani. Miongoni mwa walioanguka alikuwa Tom Perriello wa Virginia, mbunge kijana wa awamu moja kutoka jimbo gumu, aliyesema ndiyo akijua kinachomngoja. Watu wa namna yake ndio hasa waliolipia sheria ile, na sioni kwamba wametajwa vya kutosha.

Sababu kubwa ya kushindwa huko ni mpangilio wa wakati. Masoko ya bima na msaada wa kulipia vilipangwa kuanza Januari 2014. Uchaguzi ulikuwa Novemba 2010. Mpiga kura alikuwa amesikia habari za faini na kodi kwa mwaka mzima, lakini wengi hawakuwa wameshika kadi yoyote. Hofu ilikuwa imefika, faida ilikuwa bado njiani.

Sheria ikaendelea kumsumbua Obama. Mahakama ya Juu iliiacha hai kwa kura tano kwa nne Juni 2012, na Novemba Obama akachaguliwa tena. Mwaka uliofuata tovuti ya kujiandikishia ikagoma tangu siku ya kwanza, na mamilioni ya watu wakapokea barua za kufutiwa bima zao za zamani, ingawa rais alikuwa ameahidi kwamba anayeipenda bima yake atabaki nayo. Alilazimika kuomba radhi kwenye televisheni. Nalihesabu hilo kuwa kosa lake kubwa katika jambo hili lote, kwa maana ahadi ile ilirudiwa mara nyingi mno.

Lakini kadi zikaanza kufika mikononi. Kufikia mwaka 2016 watu wapatao milioni 20 zaidi walikuwa na bima.

Ndipo akaja rais mwingine mpya, Donald Trump, aliyeahidi kuifuta sheria hiyo. Machi 2017 muswada wa kufuta uliondolewa bungeni dakika za mwisho kwa kukosa kura. Mei ukarudi, ukapita kwa 217 dhidi ya 213, na wabunge wakapanda mabasi kwenda kusherehekea Ikulu. Wataalamu wa hesabu wa Bunge wakakadiria kwamba watu milioni 23 zaidi wangekosa bima kufikia mwaka 2026. Safari hii waliojaza mikutano ya majimboni kwa hasira walikuwa wenye kadi. Mwaka huohuo, kwa mara ya kwanza, uchunguzi wa maoni wa Gallup ulionyesha zaidi ya nusu ya Wamarekani wanaikubali sheria ya Obama. Mwenyewe alikuwa ameshatoka madarakani.

Usiku wa manane wa tarehe 28 Julai, kwenye Seneti, John McCain alisimama mbele ya meza ya makarani. Ni yeye aliyeshindwa na Obama katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2008, na mwaka 2009 aliipinga sheria hii. Siku chache nyuma alikuwa amegunduliwa kuwa na saratani ya ubongo, ya aina ileile iliyomuua Kennedy. Alinyoosha mkono, akashusha kidole gumba. Hapana. Pamoja na Susan Collins na Lisa Murkowski, Warepublikani wenzake, kura zikawa 49 kwa 51 na jaribio la kuifuta sheria likaanguka. McCain alifariki mwaka uliofuata, tarehe 25 Agosti, miaka tisa kamili baada ya Kennedy.

Novemba 2018 ikawa zamu ya chama cha Trump kupoteza Baraza la Wawakilishi, takribani viti 40. Katika kampeni hizo afya ilitajwa kuliko karibu jambo jingine lolote, na wagombea wa Republikani, ambao chama chao mwaka 2010 kilishinda kwa kuapa kuifuta sheria, walikuwa kwenye matangazo ya televisheni wakiwaahidi wapiga kura kwamba mgonjwa hatakataliwa bima kwa sababu ya ugonjwa wake.