Korona ya Muda Mrefu: Ugonjwa Usioonekana Kwenye Vipimo

Korona ya muda mrefu ni hali ya mtu kubaki mgonjwa, au kuzukiwa na maradhi mapya, baada ya homa na kikohozi cha mwanzo kwisha. Shirika la Afya Duniani liliipa maelezo rasmi Oktoba 2021: dalili ziwepo miezi 3 tangu maambukizi yaanze, ziwe zimedumu angalau miezi 2, na pasiwe na ugonjwa mwingine unaozieleza. Wengi wa wagonjwa hawa hawakulazwa hospitalini wala kuwekewa oksijeni. Waliugua siku chache nyumbani, wakahesabiwa wamepona. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Medicine yanataja watu wapatao milioni 400 walioupata ugonjwa huu duniani tangu janga lianze.

Waliotangulia kuutambua ugonjwa huu ni wagonjwa wenyewe. Mei 2020, Elisa Perego, mwanaakiolojia Mwitaliano aliyekuwa akiugua, alianza kutumia jina hilo mtandaoni, wakati madaktari wengi wakiamini kwamba aliyeugua kwa wepesi hupona ndani ya wiki 2. Baadaye kundi la wagonjwa wenye ujuzi wa utafiti, akiwamo Hannah Davis wa Marekani, lilitunga dodoso lake, likapata majibu ya watu 3,762 kutoka nchi 56 na kuchapisha matokeo mwaka 2021. Waliorodhesha dalili 203. Watafiti hao walifanya kazi wakiwa wanaumwa, na ukaidi wao ndio uliowalazimu wenye fedha na maabara kugeuza macho.

Katika dalili zote hizo, zinazojirudia zaidi ni uchovu usioondoka kwa kulala, kupungukiwa pumzi, moyo kwenda mbio, maumivu ya viungo, usingizi wa mang'amung'amu, na kichwa kuwa kizito kiasi cha mtu kupoteza neno katikati ya sentensi. Lakini dalili inayoutofautisha ugonjwa huu na uchovu wa kawaida ni kuzidiwa baada ya shughuli. Mgonjwa hufua nguo, hupanda ngazi, au hukaa kikao cha saa moja, na siku hiyo huenda asihisi lolote. Kesho yake au keshokutwa huanguka kitandani, akabaki hapo siku kadhaa, pengine wiki. Kwa kuwa adhabu huchelewa, wengi huchukua muda mrefu kuihusisha na kilichoisababisha, na jamaa waliomwona juzi akifua hushindwa kuelewa kwa nini leo hawezi hata kuoga.

Hapo ndipo maneno ya uvivu huanza. Utafiti uliofanyika Amsterdam, Uholanzi, na kutolewa Januari 2024 unawajibu wenye maneno hayo. Wagonjwa 25 na watu 21 wenye afya njema waliendesha baiskeli ya mazoezi kwa muda mfupi, na vipande vidogo vya misuli yao vikachukuliwa kabla na baada. Misuli ya wagonjwa ilionyesha hitilafu katika uzalishaji wa nguvu ndani ya seli, na majeraha ya misuli yaliongezeka baada ya zoezi. Mwili ulikuwa unaumia kweli.

Kuhusu chanzo, watafiti wanafuata njia kadhaa kwa pamoja, na huenda wagonjwa wenye jina moja la ugonjwa wana vyanzo tofauti. Njia ya kwanza ni mabaki ya virusi: uchunguzi wa maiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2022 ulikuta chembechembe za virusi katika viungo vingi, katika maiti moja hadi siku 230 baada ya dalili kuanza. Njia ya pili ni mfumo wa kinga uliokosa kutulia; kundi la Akiko Iwasaki wa Chuo Kikuu cha Yale limeeleza tofauti za kinga na za homoni kati ya wagonjwa na waliopona. Afrika nayo ina mchango wake: Resia Pretorius wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, amechunguza viganda vidogo vya damu ambavyo haviyeyuki kirahisi, jambo ambalo bado lina mjadala mkali. Wengine wanachunguza mishipa ya fahamu inayoongoza mapigo ya moyo na presha.

Tiba inayoponya haijapatikana. Marekani ilitenga dola bilioni 1.15 mwishoni mwa 2020 kwa utafiti huu, na wagonjwa wamelalamika, kwa haki kabisa, kwamba majaribio ya dawa yalikawia kuanza. Jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford lililowapa wagonjwa dawa ya Paxlovid kwa siku 15 halikuonyesha nafuu. Habari njema zaidi zimetoka upande wa kuuzuia ugonjwa usitokee. Metformini, dawa ya kisukari ya bei nafuu inayopatikana katika maduka mengi ya dawa Afrika Mashariki, ilijaribiwa Marekani kwa watu wenye uzito uliozidi, wakianza kuimeza siku za mwanzo za maambukizi. Kati yao, asilimia 6.3 walipata korona ya muda mrefu, dhidi ya asilimia 10.4 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Chanjo pia hupunguza hatari, ingawa haiiondoi.

Kumtunza aliyekwisha kuugua ni kazi nyingine. Ushauri wa zamani wa kuongeza mazoezi kidogo kidogo humdhuru anayezidiwa baada ya shughuli. Uingereza iliufuta mwaka 2021 katika mwongozo wake wa ugonjwa wa uchovu sugu, unaofanana sana na huu. Badala yake mgonjwa hufundishwa kugawa nguvu zake: kupumzika kabla ya kuchoka, kukaa kwenye kigoda wakati wa kupika, kuoga siku tofauti na siku ya kufua.

Baadhi ya matatizo yanatibika, na kuyagundua hakuhitaji mashine kubwa. Mgonjwa hulala chali dakika chache, mapigo na presha vikapimwa. Kisha husimama ameegemea ukuta dakika 10 huku vipimo vikirudiwa. Mapigo ya mtu mzima yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika na kubaki juu bila presha kushuka, daktari ana sababu ya kushuku hitilafu ya mishipa ya fahamu, inayoweza kutulizwa kwa maji, chumvi kwa wasio na presha ya juu, soksi za kubana, au dawa. Zahanati yenye kipima presha na saa inaweza kufanya hivyo.

Ugumu mkubwa Afrika Mashariki ni kwamba wengi hawakupimwa korona. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust walikuta kingamwili za korona katika karibu nusu ya damu ya wachangiaji nchini Kenya mapema mwaka 2021, wakati visa vilivyothibitishwa vilikuwa sehemu ndogo sana ya watu hao. Tanzania haikutoa takwimu kwa zaidi ya mwaka mmoja tangu Mei 2020. Kumdai mgonjwa cheti cha maabara ni kumfungia mlango, na maelezo ya Shirika la Afya Duniani hayadai hivyo: maambukizi ya kudhaniwa yanatosha. Wajibu wa daktari ni kuondoa kwanza kifua kikuu, upungufu wa damu, kisukari na maradhi ya moyo, kisha kuamini anachoambiwa.

Mzigo uliobaki huangukia nyumbani. Mila ya kumjulia mgonjwa hali ni nzuri, lakini kwa mgonjwa huyu ina gharama: hujiinua kitandani, huvaa vizuri, huongea na wageni saa nzima, kisha hulipa kwa siku 3 gizani. Familia zinazoelewa ugonjwa hupokea wageni sebuleni, huwaingiza wawili wawili kwa dakika chache, na huwaambia mapema kwamba mgonjwa atawasalimu akiwa amelala.