Meno yaliyolika: Madini ni sehemu ndogo ya bei

Mteja mwenye meno yaliyolika hadi kukaribia fizi hutajiwa kwanza bei ya jino moja, na bei hiyo humpotosha. Kinywa cha mtu mzima kina meno 32, na yakiwa yamelika mengi hesabu hufanywa kwa kinywa kizima. Kwa mfano wa hesabu tu, kofia moja ya jino ikitozwa shilingi 400,000, kofia 20 ni shilingi milioni 8. Hapo bado picha za eksirei, matibabu ya mizizi na kofia za muda.

Kwa familia nyingi fedha hizo zinatosha kununua kiwanja au kulipa ada ya shule. Ndiyo maana wengi huamua kung'oa. Kung'oa ni rahisi kwa siku ile, lakini meno yanayobaki hubeba mzigo wa yale yaliyoondoka, nayo huzidi kuchakaa. Gharama ya meno ya bandia hufuata baadaye.

SOKO LA MADINI

Kwa miaka mingi dhahabu ndiyo iliyoaminiwa zaidi kwa kofia za magego. Mwaka 1999 wakia moja ilishuka hadi karibu dola 250 za Marekani. Agosti 2020 ilivuka dola 2,000, na Oktoba 2025 ikavuka dola 4,000. Wakia ina gramu 31.1, kwa hiyo gramu moja ilitoka dola 8 hivi ikafika karibu dola 129. Kwa mtu wa kipato cha kawaida, kofia ya dhahabu imetoka kabisa katika mahesabu.

Paladi, ambayo huchanganywa katika aloi za meno, nayo imeyumba. Machi 2022 wakia moja ilivuka dola 3,000, kisha mwaka 2024 ikashuka chini ya dola 1,000.

Mbadala wa bei ndogo ni aloi ya kobalti na kromi. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na serikali ya nchi hiyo ilipozuia mauzo ya nje Februari 2025 bei ilipanda sana. Hata hivyo kofia moja huchukua gramu chache tu. Hata kobalti ikiuzwa dola 50 kwa kilo, gramu moja ni senti 5 za dola. Aloi iliyosafishwa kwa matumizi ya meno huuzwa ghali zaidi ya hapo, lakini bado madini si sababu ya kofia kuwa na bei kubwa.

KAZI NA DOLA

Sehemu kubwa ya bei ni muda wa wataalamu. Daktari huchonga jino, huchukua chapa yake na kuweka kofia ya muda. Fundi wa maabara hutengeneza kofia yenyewe, kisha mgonjwa hurudi kujaribishiwa na kugandishiwa. Meno yakiwa yamefupika yote, urefu wa mkutano wa taya za juu na chini lazima upimwe upya na ujaribiwe kwa muda kabla ya kazi ya kudumu. Ukikosewa, kofia huvunjika au taya huuma, na kazi hurudiwa.

Kofia za kauri na zirkonia hupunguza kazi ya mikono pale zinapochongwa kwa mashine ya kompyuta, lakini mwenye mashine naye hutafuta kurudisha mtaji wake. Vifaa vingi pia huagizwa kutoka nje. Wastani wa dola moja mwaka 1995 ulikuwa chini ya shilingi 600 za Tanzania. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,500. Pengo hilo huishia kwenye ankara ya mgonjwa.

NJIA YA NAFUU

Si kila jino lililolika linahitaji kofia. Daktari anaweza kulijenga kwa kompoziti, yaani kijazio cha rangi ya jino kinachogandishwa kwa mwanga. Kazi hii haihitaji maabara kila mara, na jino halichongwi sana. Udhaifu wake ni kwamba kompoziti humeguka na kulika mapema kuliko kofia, hivyo fedha ya matengenezo lazima itengwe.

Pale yanapokuwa yamelika meno ya mbele tu, upo utaratibu ulioelezwa na Dahl na wenzake wa Norway mwaka 1975. Meno hayo huinuliwa makusudi, na yale ya nyuma yanayobaki na nafasi husogea taratibu kwa miezi hadi yakutane tena. Kwa njia hiyo mgonjwa anaweza kuokoa gharama ya kofia nyingi za nyuma.

KABLA YA KULIPA

Ujenzi wowote hupotea bure chanzo kisipozuiwa. Anayesaga meno usingizini atasaga hata kofia mpya, na kinga ya kuvaa usiku ni rahisi kuliko kofia moja iliyovunjika. Anayekunywa soda kutwa nzima anaosha meno kwa asidi: enameli huanza kuyeyuka asidi ikishuka chini ya kipimo cha pH 5.5 hivi, na soda za kola ziko karibu na 2.5. Mwenye kiungulia cha muda mrefu anahitaji pia daktari wa tumbo.

Mteja na adai makadirio ya maandishi ya kinywa kizima, yenye aina ya malighafi, idadi ya safari, hatua za malipo na nani atagharimia kofia ikivunjika ndani ya mwaka. Kazi inaweza kugawanywa kwa awamu, lakini mpango uwe mmoja tangu mwanzo. Aliyeona meno yake yameanza kufupika leo bado yuko kwenye bei ya kijazio. Akingoja hadi mzizi uume, atalipia mzizi, nguzo na kofia kwa jino lile lile.