Draiva: Mkalimani wa Picha Katika Michezo ya Zamani

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno moja: draiva. Asili yake ni moja na dereva wa gari, ila hii yetu ni programu ndogo inayoiendesha kadi ya picha ndani ya kompyuta.

Leo twazungumza juu ya michezo ya hadithi iliyochezwa katika kompyuta za IBM na za namna yake, chini ya mfumo uitwao DOS. Mchezaji humwongoza shujaa porini na majumbani, akitafuta hazina na kufumbua mafumbo. Mmoja wa michezo hiyo ni King's Quest wa Bibi Roberta Williams, uliotolewa na kampuni ya Sierra On-Line ya Marekani mwaka 1984. Hata leo wako waichezao michezo hii. Lakini mtu aweza kuifungua, akaona nyasi za buluu na uso wa zambarau, akasema, "Kumbe watu wale hawakujua kuchora!" Huko ni kumwonea mchoraji. Huenda alichora vizuri, ila kazi yake imepita mikononi mwa draiva isiyofaa.

Tazameni kadi zenyewe. Kadi ya CGA ya mwaka 1981 iliweza kuonyesha nukta 320 kwa upana na 200 kwa kwenda chini, kwa rangi 4 tu. Mara nyingi zilikuwa nyeusi, nyeupe, samawati na zambarau kali. Basi nyasi zingepata wapi kijani? Kadi ya EGA ya mwaka 1984 ilileta rangi 16. Mwaka 1987 ikaja VGA, nayo kwa nukta zile zile ikatoa rangi 256.

Sasa, kampuni ingeandika mchezo upya kwa kila kadi? Hapana. Michezo ya Sierra ya kuanzia King's Quest IV, mwaka 1988, iliwekewa draiva katika mafaili ya peke yake, yaliyoishia na herufi DRV. Mchezo husema lugha moja. Draiva huitafsiri kwa lugha ya kadi iliyopo. Katika faili liitwalo RESOURCE.CFG mna mstari unaoanza na videoDrv, na mbele yake jina la draiva, mathalan VGA320.DRV. Badili jina hilo, na picha hubadilika.

Lakini ngojeni kidogo! Kabla ya kugusa herufi hata moja, fanyeni nakala ya faili hilo na ya mchezo wote. Mimi mara ya kwanza nilijiona hodari, nikaandika bila nakala, nikakosea jina, na mchezo ukakataa kufunguka. Diski za zamani huharibika, na pengine hiyo uliyo nayo huwezi kupata nyingine. Tena, draiva lazima iwe ya mfumo wa mchezo wenyewe. Ya mchezo wa mwaka 1988 haifai kupachikwa katika mchezo wa mwaka 1992.

Iko draiva moja inayonipendeza sana, EGA640.DRV. Iliwekwa katika baadhi ya michezo ya rangi 256 kwa ajili ya watu wenye kadi ya rangi 16. Hufanyaje? Huigawa kila nukta mbili kwa upana, ikapata 640, kisha hupanga rangi mbili ubavu kwa ubavu. Mmeona mkeka uliosukwa kwa miyaa myekundu na myeupe? Ukiwa mbali, jicho huchanganya na kuona waridi. Ndivyo ilivyo hapa.

Hata hivyo, draiva haiwezi kuleta rangi zisizokuwamo mchezoni. King's Quest V, wa mwaka 1990, ulitolewa kwa toleo la rangi 16 na toleo la rangi 256. Ukiwa na lile la 16, usihangaike. Tafuta toleo jingine.

Kwa King's Quest IV mambo ni tofauti kidogo. Mandhari yake hayakuhifadhiwa nukta kwa nukta, bali kama amri: piga mstari hapa, jaza pale kwa jozi hii ya rangi. Programu ya bure iitwayo ScummVM, iliyoanza mwaka 2001, hucheza michezo hii katika kompyuta za leo. Ndani yake mna chaguo la kuacha kule kuchanganya nukta, nayo huichukua kila jozi na kuifanya rangi moja laini. Mbingu zilizokuwa na madoa hutulia.

Jambo dogo la mwisho. Vioo vya zamani vilikuwa na upana 4 kwa kimo 3, hivyo kila nukta ilikuwa ndefu kuliko upana wake. Katika kioo cha leo mwezi waweza kuonekana umebonyea. Mwenye kutumia DOSBox, programu inayojifanya kompyuta ya zamani, aandike true kwenye mstari wa aspect, nao mwezi utakuwa mviringo.

Haya, fungueni madaftari. Rangi 16 zikipangwa mbili mbili tofauti, zatoa jozi ngapi? Ongezeni zile 16 zenyewe. Mwalimu wa darasa, jibu ni 136, lakini usiwaambie mpaka wamalize kuhesabu.