Wanaosafishwa damu: Mizani pekee haipimi nguvu za mwili

Mzee mmoja, fundi wa viatu, ambaye husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, aliletwa na bintiye kwenye kliniki yangu. Hakuweza tena kupanda matatu bila kuvutwa mkono.

"Daktari, mizani inasema mimi ni yule yule, lakini magoti yamenikataa," alilalamika.

Alisema kweli. Kwa miezi mitatu uzito wake ulikuwa kilo 64. Hata hivyo, mapaja yake yalikuwa yamekonda na miguu imevimba. Nyama ilikuwa imepungua na maji yakachukua nafasi yake. Mizani haiwezi kutofautisha vitu hivyo viwili.

Wagonjwa wengi wa figo na jamaa zao hawafahamu jambo hili. Figo zikishindwa kufanya kazi, asidi huzidi mwilini na kuharibu misuli. Mgonjwa hukosa hamu ya kula, na kila anaposafishwa damu, mashine huondoa pia sehemu ya virutubisho vya protini. Isitoshe, upungufu wa damu humchosha, naye huzoea kukaa tu. Misuli isiyotumiwa hunyauka.

Ndiyo sababu nguvu za mgonjwa zinafaa kupimwa. Vipimo vyenyewe ni rahisi.

Cha kwanza ni kiti. Kiti cha kawaida huegemezwa ukutani ili kisiteleze. Mgonjwa hukunja mikono kifuani, kisha husimama na kuketi mara tano haraka awezavyo. Wataalamu wa Ulaya, katika mwongozo wao wa 2019, walisema kwamba anayezidi sekunde 15 huenda misuli yake ni dhaifu.

Cha pili ni nguvu za kiganja. Mgonjwa hubana kwa nguvu chombo maalum chenye mshikio. Kwa mujibu wa mwongozo huo, chini ya kilo 27 kwa mwanamume au kilo 16 kwa mwanamke ni dalili ya udhaifu. Atumie mkono usio na mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya mashine.

Cha tatu ni mwendo. Anayetumia sekunde tano au zaidi kutembea mita nne kwa mwendo wake wa kawaida anahitaji kuangaliwa. Aidha, hospitalini anaweza kuambiwa atembee ukumbini kwa dakika sita, na umbali wake upimwe. Kipimo hiki huonyesha pia jinsi moyo na mapafu yanavyostahimili kazi.

Tarakimu hizo za Ulaya ni za kuelekeza tu. La maana zaidi ni kumlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe. Apimwe kwa njia ile ile kila baada ya miezi michache, na matokeo yaandikwe.

Asipimwe mara tu anapotoka kwenye mashine, kwani wakati huo shinikizo la damu huweza kushuka, akapata kizunguzungu na kuanguka. Ni heri apimwe kabla ya kusafishwa au siku ya mapumziko, na mtu awe karibu naye. Mwenye maumivu ya kifua au anayehema akiwa ametulia asijaribu vipimo hivi. Amwone daktari kwanza.

Kuna onyo moja kubwa. Udhaifu wa misuli huja polepole, kwa wiki na miezi. Miguu ikilegea ghafla, hasa baada ya mgonjwa kukosa zamu ya kusafishwa, huenda potasiamu imezidi katika damu. Hali hiyo inaweza kusimamisha moyo. Msipoteze wakati kupima. Mkimbizeni mara moja hospitali yenye mashine.

Je, akipatikana ni dhaifu? Daktari atachunguza kiwango cha damu na kukadiria upya uzito anaopaswa kuwa nao maji ya ziada yakiisha kutolewa. Vile vile ataangalia chakula. Wengi waliambiwa wapunguze nyama na mayai kabla ya kuanza mashine, na hadi leo wanaviogopa. Lakini ukianza kusafishwa, mahitaji hubadilika. Mgonjwa huhitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 huhitaji gramu 60 hadi 72. Mtaalamu wa lishe amsaidie kuchagua vyakula visivyozidisha potasiamu na fosfati.

Daktari akikubali, mazoezi yaanze kidogo kidogo: kusimama na kuketi kitini asubuhi na jioni, na kutembea siku zisizo za mashine. Penye vifaa, mgonjwa huweza hata kupiga pedali katika saa mbili za kwanza za kusafishwa.

Fundi wetu alitumia sekunde 22 siku ya kwanza. Maji yalipunguzwa, akarudia kula mayai, na bintiye akamsimamia mazoezi ya kiti. Miezi minne baadaye alitumia sekunde 16. Mizani sasa inasoma kilo 61, na matatu anapanda mwenyewe.

Zamu ijayo, mwulize mwuguzi au daktari wako: "Nguvu zangu zimepimwa lini?"