Masisi na Walikale: seva ikiwaka tena, tableti zingoje kwanza

Wagonjwa wa kipindupindu wa juma moja wanaweza kuhesabiwa mara mbili, au kupotea kabisa, bila mtu yeyote kudanganya. Inatosha seva izimike ghafula ikiwa inapokea data, kisha irudishwe kazini kwa haraka.

Hatari hiyo inagusa sana zone za afya kama Masisi, Mweso, Pinga na Itebero, jimboni Kivu ya Kaskazini, ambako mtandao ni wa kubahatisha. Huko rejista ya karatasi ingali ndiyo mama. Hesabu zake huingizwa baadaye katika DHIS2, programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumiwa na wizara ya afya ya Congo. Kwenye tableti programu hiyo hufanya kazi bila mtandao, ikingoja nafasi ya kutuma.

Seva ikiwaka, milango yake ibaki imefungwa kwanza. PostgreSQL, hifadhidata ya DHIS2, huandika kila badiliko katika daftari la ndani kabla ya kugusa majedwali. Umeme ukikatika, husoma daftari hilo na kujirekebisha yenyewe. Kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa. Anayekosa subira akafuta mafaili ya daftari ili kupata nafasi kwenye diski, huyo ndiye anayeharibu.

Kisha saa. Betri ndogo ya ndani ikichoka, mashine huamka na tarehe ya zamani na kuibandika kwenye kila kinachoingia. Tena kuna mtego wa hapa kwetu: Kivu iko saa moja mbele ya Kinshasa. Saa nne asubuhi Walikale ni saa tatu kule. Seva isiyopangwa vizuri inaweza kutupa sahihisho jipya na kushika hesabu ya zamani.

Ndipo tableti ziruhusiwe, chache chache. Katika DHIS2 kila tukio lina alama yake ya herufi na tarakimu 11; likitumwa mara mbili kwa alama ileile, halizai mgonjwa wa pili. Anayemzaa ni muuguzi anayejaza fomu upya akidhani ya kwanza imepotea. Na asifute programu kabla seva haijathibitisha kupokea.

Mwishoni skrini ilinganishwe na rejista. Karatasi ikisema wagonjwa 9 na seva 18, simu ipigwe kabla dawa hazijapakiwa kwenye pikipiki.