Mpira Jumamosi, kwaya Jumatano: hadithi yako utaiandika lini?

Hebu fungua daftari lako la zamani, lile la sekondari au la mwaka wa kwanza chuoni. Kuna uwezekano mkubwa utakuta humo hadithi iliyoishia ukurasa wa tatu, shairi lenye beti mbili, na kichwa cha riwaya ambayo haikuzaliwa. Wengi wetu tuliopenda kuandika tuna daftari kama hilo. Ukimuuliza mwenyewe kwa nini aliacha, atakujibu haraka: "Sina muda, ndugu yangu."

Lakini mtu huyohuyo Jumatano jioni yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Jumamosi asubuhi yuko uwanjani anacheza mpira. Juzi kanunua gitaa na tayari anajua nyimbo mbili. Kwa hiyo muda upo, tena unatosha mambo matatu. Mbona basi uandishi ndio unaokufa kwanza?

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na wengi tunaichukua methali hiyo kama hukumu: chagua kimoja, vingine uache. Tafiti za saikolojia kuhusu mazoea zinatupa jibu tofauti kidogo, na ndilo ninalotaka tulipitie hapa. Mambo yako mengine yana kitu kinachokuita. Uandishi wako hauna.

Mazoea huanza na wito

Kwanza tuelewane. Mazoea, kwa wanasaikolojia, ni tendo linaloanzishwa na mazingira bila wewe kukaa chini na kuamua. Umeingia chumbani, mkono umeshawasha taa. Umeamka, umeshashika mswaki. Hakuna anayejipa hotuba kila asubuhi ili apige mswaki. Kile kinacholianzisha tendo, iwe ni mahali, saa au tendo lililotangulia, hapa tutakiita kichocheo.

Mwaka 1999, timu ya mtafiti Ann Graybiel wa chuo cha MIT, Marekani, ilichapisha jaribio ambalo sasa ni maarufu. Panya walifundishwa kukimbia kwenye njia yenye umbo la herufi T na kugeuka upande mmoja kulingana na sauti waliyoisikia, ili wapate chakula. Watafiti walirekodi seli za sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na mazoea. Mwanzoni seli hizo zilikuwa na shughuli katika safari nzima. Panya walipozoea, shughuli ilijikusanya zaidi mwanzoni na mwishoni mwa safari. Yaani ni kama ubongo uliifunga safari yote kuwa furushi moja, ukaweka alama pale linapofunguliwa na pale linapofungwa.

Sasa linganisha kwaya na hadithi yako. Kwaya ina siku, ina saa, ina ukumbi, ina mwalimu atakayeuliza mbona hukuja, na ina kundi la WhatsApp linaloanza kulia tangu mchana. Mpira hivyohivyo. Hadithi haina siku wala ukumbi, na hakuna anayeisubiri. Inakutegemea wewe uikumbuke, tena uikumbuke saa ambayo hujachoka. Kiukweli hapo mashindano si ya haki.

Sentensi moja inayobadilisha mambo

Habari njema ni kwamba kichocheo kinaweza kutengenezwa. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer na mwenzake Veronika Brandstätter waliwahi kuwaomba wanafunzi waandike ripoti fupi kuhusu jinsi walivyotumia mkesha wa Krismasi, na waiandike ndani ya siku mbili baada ya mkesha huo. Baadhi yao waliambiwa pia wataje mapema ni lini na wapi hasa wataiandika. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997: waliotaja saa na mahali, karibu robo tatu walimaliza kwa wakati. Wale wengine, kama theluthi moja tu.

Kumbuka wote walikuwa wamekubali kuandika. Kilichowatofautisha ni kwamba kundi moja lilikuwa na sentensi ya namna hii: "Nikishamaliza jambo fulani, nikiwa mahali fulani, nitaandika." Wakati ulipofika, mazingira yenyewe yaliwakumbusha.

Kwa hiyo "mwaka huu nitaandika zaidi" ni nia, na nia haina saa. "Nikishaweka simu kwenye chaji usiku, nitakaa mezani niandike aya moja" ni mpango.

Siku 21 zilitoka wapi?

Bila shaka umeshasikia kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21. Namba hiyo kwa kawaida hufuatiliwa hadi kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura huko Marekani. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1960 alieleza kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya. Ni uchunguzi wa daktari kuhusu watu kujizoesha na pua zao. Neno "angalau" likapotea njiani, na pua ikageuka kuwa kila kitu.

Utafiti unaotusaidia zaidi ulifanywa na Phillippa Lally na wenzake wa University College London. Washiriki 96 walichagua kila mmoja tendo dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, wakaliambatanisha na kichocheo cha kila siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa, na wakafuatiliwa kwa siku 84. Mtu wa katikati alihitaji takriban siku 66 kufikia hali ya kufanya bila kufikiri. Lakini makadirio yalianzia siku 18 na kufika 254! Matendo mepesi kama kunywa glasi ya maji yalizoeleka mapema. Mazoezi ya mwili yalichukua muda mrefu zaidi.

Kwa mwandishi kuna mambo mawili hapo. La kwanza: kama mwezi umepita na bado unajisukuma, hujashindwa. Uko katikati ya safari. La pili ni la hesabu. Ukichukulia kwamba kinachojenga mazoea ni marudio, basi kuambatanisha uandishi na mazoezi ya kwaya ya mara moja kwa wiki kutakupa marudio 52 kwa mwaka mzima. Ukiuambatanisha na jambo la kila siku, unayapata hayo kabla miezi miwili haijaisha.

Hapa ndipo wenye mambo mengi hukosea. Wanachagua "Jumatatu na Alhamisi, siku ambazo sina mpira wala kwaya." Halafu kocha anahamisha mazoezi kwenda Alhamisi, na habari imeisha. Jiulize swali tofauti: ni jambo gani hutokea kila siku, hata siku ya mpira, hata siku ya kwaya, hata siku ya mtihani? Kuoga baada ya kurudi. Chai ya asubuhi. Kufunga mlango wa chumba usiku. Kwa wengine ni baada ya swala ya alfajiri. Chagua moja ambalo ratiba ya mambo yako mengine haiwezi kulisukuma nje, na hapo ndipo utundike uandishi wako.

"Lakini mimi huandika nikipata hisia"

Swali hili halikosekani, na ni la haki. Ubunifu kwa ratiba si utakuwa mkavu kama fomu ya mkopo?

Mwanasaikolojia Robert Boice alilijaribu kwa wahadhiri waliokuwa wakihangaika kuandika. Kundi la kwanza waliambiwa wasiandike chochote kisicho cha lazima. La pili waliandika pale tu walipojisikia. La tatu walilazimika kuandika kwa ratiba, na aliyekosa, hundi aliyoiandaa mapema ilikuwa ipelekwe kwa taasisi anayoichukia. Kama ulivyotarajia, waliolazimishwa waliandika kurasa nyingi zaidi. Jambo ambalo wengi hawakulitarajia ni kwamba ndio waliopata mawazo mapya mara nyingi zaidi: takriban wazo moja kila siku. Waliosubiri hisia walipata moja kila baada ya siku mbili, na wasioandika kabisa moja kila baada ya siku tano. Jaribio lilikuwa dogo, na walioshiriki ni wanataaluma, si watunzi wa riwaya, kwa hiyo tusilikuze kupita kiasi. Lakini linakubaliana na wanachosema waandishi wengi: kalamu ikitembea, mawazo hufuata.

Mfano wa wazi ni Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19. Alikuwa mwajiriwa wa posta tangu 1834 hadi 1867, na alipenda kuwinda mbweha kwa farasi kuliko mtu wa kawaida anavyopenda mpira. Hakuacha uwindaji ili aandike. Saa 11 na nusu alfajiri alikuwa mezani, na alimlipa mtumishi wake pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe. Aliweka saa mbele yake na kulenga maneno 250 kila robo saa. Riwaya zake ni 47. Na kwetu, Shaaban Robert aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926 na akawa mtumishi wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mashairi na riwaya zake zilikua pembeni ya kazi ya ofisi.

Mpira na kwaya navyo vinachangia

Kuna sababu nyingine ya kutoviacha. Ut Na Sio na Thomas Ormerod walikusanya matokeo ya tafiti 117 kuhusu kinachotokea mtu anapoliacha tatizo kwa muda na kulirudia baadaye. Kwa ujumla kupumzika kulisaidia, hasa kwenye kazi zinazohitaji majibu mengi tofauti badala ya jibu moja sahihi. Hadithi ni kazi ya aina hiyo. Na mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Stanford walionyesha kwamba watu hutoa mawazo mengi zaidi wakiwa wanatembea kuliko wakiwa wamekaa.

Kwa hiyo mhusika wako akikwama jangwani Ijumaa usiku, nenda kacheze mpira Jumamosi. Angalizo ni moja tu: ili wazo liive kichwani, lazima kwanza liwe limewekwa. Mtu ambaye hajaandika chochote hana kinachoiva.

Mbinu inayounganisha mambo haya ni ndogo sana. Kila unapomaliza kuandika, malizia kwa mstari mmoja unaosema nini kinafuata: "Kesho: Mama anaiona barua." Utaubeba mstari huo uwanjani na kwenye daladala, na kesho yake hutaanzia kwenye ukurasa mtupu.

Likizo, homa na umeme kukatika

Utakosa siku. Kila mtu hukosa. Utafiti wa Lally uligundua kwamba kukosa nafasi moja hakukuharibu ujengaji wa mazoea kwa kiasi cha maana. Kinachoua ni ile kauli ya "nimeshaharibu, nitaanza upya Januari."

Hatari kubwa zaidi ni kuhama. Wendy Wood na wenzake waliwafuatilia wanafunzi waliohamia chuo kingine, wakaona kwamba mazoea yalidumu zaidi pale mazingira ya tendo yalipobaki yaleyale. Ukitoka hosteli kwenda nyumbani likizo, meza imebaki chuoni, na kichocheo kimebaki nacho. Kwa hiyo kabla hujapanda basi, amua kichocheo cha nyumbani. Na chagua kifaa kinachosafiri: daftari na kalamu haviulizi kama umeme upo.

Kile mazoea hayawezi kufanya

Tusidanganyane. Kupiga mswaki kunaweza kuwa mazoea mwanzo hadi mwisho. Kutunga hakuwezi, kwa sababu kila sentensi inahitaji uamuzi. Watafiti kama Benjamin Gardner hutofautisha mazoea ya kuanza tendo na mazoea ya namna ya kulitekeleza, na tafiti zao kuhusu mazoezi ya mwili zinaonyesha kwamba mazoea ya kuanza ndiyo yanayoendana na mtu kufanya mara kwa mara. Mazoea yatakufikisha mezani tu. Ukishafika, sura ya nne bado itakuwa ngumu, na siku nyingine aya yako itakuwa mbaya. Hiyo si dalili kwamba mazoea yameshindwa kufanya kazi yake.

Ndiyo maana kipimo cha mwanzo kiwe kidogo, hata sentensi tatu. Sentensi tatu unaziweza hata ukitoka mazoezini miguu inauma. Tuseme kila moja ina maneno 12: kwa mwaka ni maneno zaidi ya 13,000, yaani hadithi fupi nne au tano za kawaida. Bandu bandu huisha gogo.

Leo usijiahidi riwaya. Chukua karatasi, kamilisha sentensi hii kwa maneno yako, na uibandike pale utakapoiona: "Kila siku, nikishamaliza ______, nitakaa ______, nitaandika sentensi tatu." Jumamosi nenda mpirani kama kawaida. Ukirudi, oga, halafu kaa uandike zako tatu.