Boriti Ndiyo Inayopanga Meza

Migahawa mingi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar imeingia ndani ya majumba ya zamani yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Anayetaka kufungua mgahawa humo kwa kawaida huanza na rangi, taa na mlango wa nakshi. Mimi humwomba aanze na boriti.

Mkoko una kimo chake, na mafundi wa zamani walikifuata. Ndiyo maana vyumba vya majumba hayo ni virefu lakini vyembamba: kutoka ukuta hadi ukuta ni kama mita 2.5 hadi 3. Sasa piga hesabu. Meza ina sentimita 70, na kila upande kiti kinataka nusu mita mtu akishakaa. Hapo mita 1.7 zimekwisha, na mhudumu mwenye sinia la wali na mchuzi wa pweza amebakiwa na sentimita 80 hadi mita 1.3. Safu mbili za meza haziingii. Wapo wanaobomoa ukuta wa katikati ili ziingie, na ukuta huo ndio uliobeba ncha za boriti za vyumba viwili, pamoja na ghorofa ya juu yake.

Jibu limo katika desturi ya nyumba yenyewe. Baraza iliyojengewa kando ya ukuta haivutwi nyuma kama kiti, hivyo njia inapanuka bila kugusa jiwe hata moja. Zidaka za ukutani hubeba glasi na taa, makabati yakabaki jikoni. Kule Hurumzi, katika jumba la Tharia Topan, tajiri aliyesimamia forodha za Sultani katika karne ya 19, hoteli ya Emerson on Hurumzi imeweka mgahawa wake juu ya paa. Wageni huketi chini juu ya mito, kwenye meza fupi, upepo ukipita pande zote. Nauhesabu kuwa mpangilio wa busara kuliko mingi niijuayo, kwa sababu haukudai chochote ambacho jumba halikuwa nacho.

Jambo la pili, nalo ndilo linaloniuma zaidi, ni unyevu. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya ardhini, na chokaa huyaacha yatoke taratibu kama mvuke. Ukiupiga lipu ya saruji na kuupaka rangi ya plastiki, maji hukosa pa kutokea. Hupanda, hubeba chumvi, rangi ikavimba na kubanduka. Mwishowe hufika pale ncha ya boriti ilipozama ukutani. Mpe fundi bisibisi aichome ncha hiyo: ikiwa nzima, chuma kitagonga na kukwama, ikiwa imeoza, kitazama kama kwenye keki, huku katikati ya boriti ile ile, inayoonekana na wageni, iking'aa kwa vanishi. Kazi hii ifanywe chumba kwa chumba kabla ya kununua hata kijiko.

Jiko huongeza balaa. Mvuke wa masufuria ya wali hupanda moja kwa moja darini, kwa hiyo jiko likae uani au chini ya paa lenye mwanya wa kutolea joto, mabomba ya maji yapite nje ya ukuta, na tangi la lita 1,000, ambalo likijaa ni tani nzima, likalie ukuta mnene, kamwe lisikalie katikati ya boriti.

Sura nzuri ya mbele haimwambii mtu afya ya jengo. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa fahari ya Forodhani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati likikarabatiwa, na watu walipoteza maisha. Mji wenyewe ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na kibali cha ukarabati huko si karatasi ya usumbufu.

Msomaji aliye bara, tuseme Nyanungu mkoani Mara, yuko jirani zaidi na Boma la Ikoma, ngome ya Wajerumani kule Serengeti, kuliko na Hurumzi. Huko hakuna matumbawe wala mikoko, na vipimo vyangu havimfai. Kinachomfaa ni mpangilio wa kazi: ajue kwanza ukuta umejengwa kwa nini, mzigo wa paa unashukia wapi, maji ya mvua yanaelekea wapi. Mchora ramani ya meza aitwe baada ya hapo.

Na wewe mwenye jumba la Mji Mkongwe, katika bajeti tenga fungu la chokaa la kila mwaka. Ipakwe kiangazi, kuta zikiwa kavu, na masika yakiisha fundi arudi na bisibisi yake.